Muulize Bwana Misitu: Damu kwenye gome

SWALI: Shikamoo Bwana Misitu. Mimi kwetu Soni, Lushoto, ila kwa sasa naishi Trondheim, Norwei. Jumapili tulipanda na mwanangu msitu wa Bymarka. Kwenye gome la mti ule wanaoupamba wakati wa Krismasi tukaona baka la kijivu lenye vidonge vyeusi, vinang'aa kama punje za pilipili manga. Mtoto akabandua kimoja kwa kucha. Chini yake nyekundu pyu, kama damu. Jioni alinawa mikono mara tatu ndipo akakubali kula. Je, ni sumu? Mti unaumwa? Tena kaka yangu huko nyumbani anasema misindano yake nayo imejaa mabaka, anataka kuyakwangua halafu apake chokaa. Nimwambieje?
Mama Baraka, Trondheim

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma huku nacheka peke yangu, maana mimi yalinikuta hayo hayo. Nilikuwa mwanafunzi wa misitu kule Ås, kusini mwa Norwei, miaka ya 1980. Tulitumwa kupima vipenyo vya miti, baridi imeniganda vidole hata sivisikii. Nikaparua kidonge cheusi kwa kucha, nikaona wekundu kidoleni. Nikajua nimejikata! Nikaanza kukinyonya kidole mbele ya wenzangu, natafuta kidonda ambacho hakikuwepo. Walinitania mpaka nilipofunga virago kurudi nyumbani.

Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni kuvumwani, wengine huita likeni. Jina lake la kitaalamu ni Mycoblastus sanguinarius, na hilo la pili ni neno la Kilatini la mambo ya damu. Linnaeus, yule Mswidi aliyebatiza nusu ya viumbe vya dunia, aliiandika tangu mwaka 1753. Wanorwei wenyewe huita blodlav, na "blod" ni damu, kama unavyojua sasa. Lakini si damu hata tone. Ni rangi inayotengenezwa na kuvu, asidi ya rodokladoniki, inayolala chini ya kile kidonge. Ukiona huko msituni vikuvumwani vidogo vyenye vichwa vyekundu kama vya njiti za kiberiti, rangi yake ni hiyo hiyo, ila hao hawaifichi.

Sasa kuhusu mti kuumwa. Wewe ni mtu wa sufuria, utanielewa upesi. Kuvumwani ziko za namna tatu kwa kuzitazama: zinazoning'inia kama ndevu, zinazotandaa kama majani, na hizi za ukoko. Hii yako ni ukoko kwelikweli, imeshika gome kama wali ulioungulia chini ya sufuria. Huwezi kuitoa bila kutoka na gome. Ila ukoko huu hauli sufuria. Hauna mizizi ya kunyonya utomvu. Ndani yake wanaishi wawili: kuvu anayejenga nyumba na kushika maji, na mwani wa kijani, mdogo usioonekana kwa macho, anayepika chakula kwa mwanga wa jua. Gome kwao ni kiwanja tu. Na wanachagua kiwanja: huyu wa damu anapenda gome lenye uchachu, ndiyo maana utamkuta kwenye miti hiyo ya Krismasi na ya jamii ya misindano, na kwenye mbetula, ule mti wa gome jeupe, huko kwenye baridi na milima ya kaskazini.

Kile kidonge cheusi ndicho tunda lake. Kuvumwani nyingi, kila kifuko ndani ya tunda hubeba spora nane, yaani chembe ndogo za kuzalia, kama mbegu. Huyu hubeba moja tu, lakini jitu: inakaribia sehemu ya kumi ya milimita. Kwa wenzake hilo ni sawa na kuku aliyegoma kutaga nane akatoa yai moja la mbuni. Ana ndugu yake anayefanana naye sana, Mycoblastus affinis, ambaye ukimparua hutoi wekundu wowote. Kwa hiyo Baraka, bila kujua, alifanya kile kile wanachofanya wataalamu.

Kumgusa hakuna ubaya. Anawe mara moja inatosha.

Kwa kaka yako sasa. Mabaka ya misindano ya Lushoto ni kuvumwani nyingine kabisa, asidhani ni hiyo ya damu, lakini tabia ni moja. Mwambie aweke chokaa yake akapake nyumba. Akikwangua atachubua gome, na hapo ndipo magonjwa ya kweli hupata mlango. Najua kinachomtisha: ameona mti unaokauka ndio wenye mabaka mengi. Ni kweli, huwa hivyo. Mti ukianza kupukutisha sindano, mwanga unashuka kwenye shina, na kuvumwani inanawiri. Imekuja msibani, haikuua. Atazame juu kwenye sindano kama zinageuka njano, atazame shinani kama kuna utomvu unaochuruzika au tundu zenye unga wa mbao. Akiviona hivyo, amwite bwana misitu wa wilaya.

Na Jumapili mkirudi Bymarka, mnunulie Baraka lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi. Ukoko huo hukua polepole mno, huenda baka mlilolichokoa lina umri mkubwa kuliko yeye. Atafute vidonge vilivyokwaruzika vyenyewe. Wekundu utakuwa unachungulia pembeni, hana haja ya kucha.