Ile cheri nyekundu juu ya aisikrimu

Wengi hudhani ile cheri nyekundu, tunda dogo linalowekwa juu ya aisikrimu, ilianzia Marekani. Hapana ndugu, haikuanzia huko, ingawa Wamarekani ndio walioigeuza ikawa hii tunayoijua. Asili yake ni marasca, cheri ndogo zenye uchachu za pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Zilihifadhiwa ndani ya maraschino, pombe inayotengenezwa kwa cheri hizo hizo. Zilikuwa ghali, chakula cha matajiri. Miaka ya 1920, Ernest Wiegand, profesa huko Oregon, jimbo la Marekani, akaona kwamba chumvi za kalsiamu kwenye maji ya kulowekea cheri huzuia tunda lisilegee. Ndiyo maana halipondeki ovyo mdomoni. Na ule wekundu? Cheri hupaushwa kwanza, kisha hutiwa sukari na rangi. Ladha ya cheri yenyewe, mimi bado naitafuta.