Milioni moja, kompyuta ya kwanza ya gemu

Mdogo wangu, unauliza kama milioni moja uanze nayo kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Hapana, kadi isubiri. Chukua Ryzen 5 5600G, prosesa yenye grafiki ndani yake. Gemu la Valorant linacheza bila shida. Ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 16, ila ziwe mbili za 8, maana grafiki hiyo inakopa ramu, na ikiwa moja tu inapungua kasi. SSD ya GB 500 ya kuhifadhia gemu, basi.

Usibane hela kwenye pawa saplai, kile kinachogawa umeme ndani: wati 550 ya kampuni inayojulikana, ije kubeba kadi ya grafiki kama RX 6600 baadaye. Zile zinazokuja bure na kasha, mimi siziamini hata kidogo. Kama unakaa Shangani, hapo Mtwara karibu na bahari, kompyuta usiiweke dirishani. Hewa ya chumvi inakula vyuma. Ukiagiza Kariakoo, vifaa viwashwe mbele ya mtu wako kabla havijapanda basi la Mtwara.