Mvi Hazihuishi Cheti: Kwa Daktari Bingwa Aliyechoka Kupimwa

Msomaji mmoja, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyehamia Marekani zamani, ameuliza kama ni haki mtu wa umri wake kuendelea kutahiniwa. Ni haki, ndugu yangu, na ni lazima.

Kwanza tutenganishe leseni na cheti cha ubingwa. Leseni hutolewa na jimbo, na bila hiyo humgusi mgonjwa. California, kwa mfano, hudai saa 50 za mafunzo endelevu kila miaka miwili. Cheti cha ubingwa hutolewa na bodi ya taaluma, ambayo kwa magonjwa ya ndani ni ABIM, yaani Bodi ya Marekani ya Magonjwa ya Ndani. Sheria haikulazimishi kuwa nacho, lakini hospitali nyingi na kampuni nyingi za bima hukidai kabla ya kukupokea. Kikikwisha muda, unaweza kubaki na leseni safi huku ukikosa pa kulaza wagonjwa.

Hasira za madaktari zina msingi. Waliopata cheti cha ABIM kabla ya 1990 walipewa cha maisha. Waliofuata wakapewa cha miaka 10, kinachohuishwa kwa mtihani. Mwaka 2014 bodi iliongeza masharti, madaktari wakaja juu, na Februari 2015 rais wake, Richard Baron, akaomba radhi hadharani. Mwaka huohuo Paul Teirstein, bingwa wa moyo, na wenzake walianzisha bodi mbadala isiyodai mtihani wa marudio. Nawaelewa. Mtihani wa siku nzima humwuliza daktari wa wodini mambo ya kliniki ambayo hajayagusa kwa miaka.

Lakini cheti cha maisha kilimsamehe hasa yule aliyetoka chuoni zamani zaidi. Chukua pumu. Kwa miongo mingi mgonjwa wa pumu nyepesi alipewa salbutamol peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi hivyo, kwa sababu dawa hiyo hutanua njia za hewa bila kutuliza uvimbe uliomo; mgonjwa anahitaji pia steroidi ya kuvuta. Daktari aliyezoea dozi ya zamani haoni kosa, maana mgonjwa huondoka anapumua vizuri. Uzoefu hunoa jicho, ila haukuletei utafiti usiousoma. Utafiti wa 2017 kuhusu wazee waliolazwa hospitali za Marekani ulikuta vifo ndani ya siku 30 ni asilimia 10.8 kwa wagonjwa wa madaktari wa chini ya miaka 40, na 12.1 kwa wa madaktari wa miaka 60 na zaidi. Kwa madaktari waliohudumia wagonjwa wengi, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo tatizo si umri wenyewe.

Sasa cha kufanya. Tangu 2022 ABIM inatoa njia mbadala ya mtihani huo mkubwa wa siku nzima: maswali 30 kila robo mwaka kwa miaka 5, jumla 600. Kila swali lina dakika 4, na kuna akiba ya dakika 30 kwa mwaka ya kuongezea pale unapokwama. Vitabu na intaneti ruksa. Kumwuliza mtu marufuku. Ichague hii. Fanya maswali mawili au matatu kwa wiki, asubuhi kabla ya kliniki, na usome maelezo ya jibu papo hapo.

Wengi huanguka kwa uzembe. Hurundika maswali yote 30 wiki ya mwisho ya robo, baada ya zamu ya usiku. Au hufungua swali kisha simu inaita: saa ikishaanza haisimami, na swali lililoisha muda huhesabiwa kosa. Unaruhusiwa kuacha maswali 100 bila kuyafungua katika miaka yote 5; ukizidisha, umejitoa mwenyewe.

Piga pia hesabu ya pointi za kudumisha cheti. Unahitaji 100 kila miaka 5, na jibu sahihi moja ni pointi 0.2. Ukijibu maswali 500 na kupata asilimia 70, una pointi 70. Hizo 30 zilizobaki zitafute kwenye mafunzo. Unapojiandikisha mafunzo, jaza namba yako ya ABIM na tarehe ya kuzaliwa, la sivyo pointi haziingii.

Aliyesajiliwa Kenya hashangazwi na haya: leseni ni ya mwaka mmoja, na kuihuisha kunadai pointi 50 za mafunzo.

Ukishindwa mwishoni mwa miaka 5, utafanya mtihani mkubwa mwaka unaofuata. Mwenye cheti cha kabla ya 1990 hana hofu hiyo: anaweza kujiunga kwa hiari yake, na hata akishindwa cheti chake kinabaki. Kama wewe ni mmoja wao, jiandikishe mwaka huu.