Kitenzi "cleave": kupasua au kuambatana?

Swali: Natafsiri ripoti ya maabara inayosema kwamba kimeng'enya cha tripsini "cleaves" protini. Kamusi inanipa maana ya kupasua na pia ya kuambatana, nami sielewi kitenzi kimoja kinawezaje kubeba yote mawili. Je, wakati wake uliopita ni "cleaved", "clove" au "cleft"?

Jibu: Kamusi yako haikukosea, kwani hivyo ni vitenzi viwili vilivyokutana njiani. Katika Kiingereza cha Kale, "clēofan" kilimaanisha kupasua na "clifian" kilimaanisha kushikamana, lakini matamshi yalivyozidi kubadilika vikaishia kuandikwa kwa namna moja. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyochapishwa mwaka 1611, inatumia umbo lilelile la "clave" pale Ibrahimu anapochanja kuni za sadaka (Mwanzo 22:3) na pale Ruthu anapoambatana na mkwewe (Ruthu 1:14), na msomaji wa Kiswahili hahangaiki hata kidogo kwa sababu wafasiri wetu walitenganisha maana hizo mapema.

Kinachoamua maana ni muundo wa sentensi. Kitenzi kikifuatwa na "to" au "unto", maana yake ni kuambatana, kushikamana na msimamo, au kugandamana, kama ulimi unavyogandamana na kaakaa kwa kiu. Kikiwa na yambwa (kitu kinachotendewa) moja kwa moja, ni kupasua au kukata. Kikifuatwa na "through", ni kukata, kama chombo kinavyokata mawimbi.

Kwa hiyo ripoti yako inahusu kukata. Ningeepuka "kupasua protini", maneno yanayonuka shoka, na badala yake ningeandika kwamba tripsini hukata mnyororo wa protini, kazi ambayo kwa kawaida huifanya mara baada ya lisini na arginini, ambazo ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini. "Kupasua" ningekiachia madini: ulanga ("mica") hupasuka kwa matabaka membamba, na almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, ilipasuliwa na Joseph Asscher mjini Amsterdam mwaka 1908 kwa kufuata mkondo wake wa asili.

Kuhusu wakati uliopita, andika "cleaved" katika maandishi yote ya kisayansi. "Clove" sasa ni umbo la kishairi au la kizamani. "Cloven" limebaki hasa katika kutaja kwato zilizogawanyika, na "cleft" ni sehemu ya jina "cleft lip", hali ambayo wengi huiita mdomo sungura, ingawa katika maandishi ya kitabibu ni staha zaidi kuandika mdomo uliopasuka. Kwa maana ya kuambatana, "cleft" na "cloven" hayatumiki kabisa. Hapo "cleaved" ndilo umbo pekee lililo salama leo.