Nikisimama kusoma taarifa, karatasi inatikisika

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, Morogoro. Kila mkutano mkuu nikisimama kusoma mapato na matumizi, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, sauti inakatika. Jumamosi ya wiki ijayo ni zamu yangu tena. Jirani amenishauri nimeze propranolol. Nifanyeje? – Mama J.

JIBU: Pole sana, Mama J. Tuanze na hicho kidonge: usikimeze bila kuonana na daktari. Hupunguza mapigo ya moyo, lakini mwenye pumu kinaweza kumbana kifua vibaya.

Woga huwa mkali zaidi dakika ya kwanza, basi iandalie hiyo. Kariri salamu na sentensi mbili za mwanzo tu. Anayekariri taarifa nzima, neno moja likimtoka na mengine yote hupotea. Majina ya meza kuu yaandike, maana wengi hukwama kwenye itifaki kabla hata hawajaanza.

Sasa karatasi. Karatasi ikishikwa peke yake hukuza mtetemo mdogo. Ukiuona unazidi kuogopa. Iweke juu ya faili gumu. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja, kurasa zikiwa na namba bila kubanwa kwa pini, na kila ukurasa uishie kwenye nukta. Theluthi ya chini iache wazi: macho yakishuka hadi huko kichwa huinama, koo hubanwa, sauti hufifia.

Tarakimu nazo ni mtego. Sh 12,487,350 isome "milioni kumi na mbili, laki nne na ushee". Hesabu kamili wanachama wataiona kwenye nakala zao, kwa hiyo hakikisha zimegawiwa mapema.

Kila jioni isome umesimama, kwa sauti ile ile ya ukumbini. Kusoma kimoyomoyo hakuzoeshi pumzi wala ulimi. Siku mbili za mwisho soma mbele ya watu wawili watatu wa nyumbani.

Siku yenyewe kula kidogo, uache kahawa, kwani huongeza mtetemo. Kabla hujaitwa, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara tano. Kuitoa taratibu ndiko kunakotuliza moyo. Kipaza sauti kikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, nawe usisimame mbele ya spika, kitapiga yowe.

Sauti ikikatika, usiombe radhi. Nyamaza, nywa funda la maji, rudia sentensi tangu mwanzo wake. Kwako kimya hicho kitakuwa kirefu mno. Waliokaa watadhani unafungua ukurasa.