Nzi wenye macho ya vijiti kutoka Gombak: ni spishi ngapi?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili Malaysia. Mwezi uliopita nilikamata nzi jioni, kando ya kijito katika msitu wa Gombak, Selangor. Walikuwa wametulia kwenye vizizi vinavyoning'inia ukingoni. Macho yao yako kwenye ncha za vijiti. Wengine vijiti virefu, wengine vifupi. Ninao pia wawili wenye mabawa ya madoadoa, niliowakuta kwenye tunda lililooza. Wote nimewatia kwenye spiriti. Nimetumia ufunguo wa utambuzi wa nzi wa Afrika, yaani mwongozo wa kumtambua mdudu hatua kwa hatua, nakwama kwenye jenasi. Je, nina spishi ngapi?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hao wa macho ya vijiti. Mweke mmoja chini ya hadubini, utafute vipapasio. Ukivikuta huko kwenye vijiti, karibu na macho, huyo ni wa familia ya Diopsidae. Nakuanzishia hapo kwa sababu macho kuchomoza hakutoshi kuwa ushahidi. New Guinea kuna nzi aitwaye Achias, wa familia ya Platystomatidae, naye ana macho ya vijiti, ila vipapasio vyake vimebaki katikati ya uso. Ukisharidhika, mgeuze uhesabu miiba ya kifuani. Jozi tatu zinakupeleka kwenye Teleopsis, jenasi ya misitu ya Asia ya kitropiki.

Ndiyo maana ufunguo wa Afrika umekukwamisha. Familia nyingi za nzi ziko kwetu na ziko Asia, kwa hiyo utakufikisha kwenye familia bila shida. Ukishuka kwenye jenasi, unakulazimisha kuchagua kati ya majina ambayo hata moja huenda si la mdudu wako. Kwetu anayejulikana ni Diopsis, ambaye buu wake hutoboa mashina ya mpunga.

Sasa urefu wa vijiti. Tafadhali usiwagawe kwa kipimo hicho. Katika Teleopsis dalmanni, anayepatikana hapo hapo Gombak, dume ana vijiti virefu kuliko jike. Tena madume wenyewe hawalingani: buu aliyekula vizuri huwa dume wa vijiti virefu, aliyepungukiwa hubaki na vifupi. Na jioni ndiyo saa yao ya kukusanyika kwenye vizizi, dume mmoja na majike kadhaa. Inawezekana kabisa umekamata kundi la usiku mmoja ukalihesabu kama spishi mbili. Lakini Gombak ina spishi zaidi ya moja za jenasi hii, kwa hiyo usikimbilie jina hilo pia. Tenga kwanza madume na majike kwa kutazama ncha ya fumbatio, kisha linganisha dume kwa dume: miiba, rangi ya kifua, mabaka ya bawa. Wakati huo kwenye daftari andika "Teleopsis sp." tu. Hilo ni jibu kamili la kisayansi, wala hakuna wa kukulaumu.

Kwa wale wa madoadoa, madoa yasikushughulishe sana. Tandaza bawa, fuata subkosta, mshipa mwembamba ulio nyuma kidogo ya ukingo wa mbele. Kwa nzi wa matunda wa familia ya Tephritidae, mshipa huo ukikaribia mwisho hukata kona ghafla kuelekea ukingoni, kisha hufifia kabla ya kufika. Kwa Platystomatidae huenda taratibu mpaka ukafika. Kona hiyo ukishaiona mara moja hutaisahau.

Rangi nayo imewahi kuwapoteza mabingwa. Mwaka 2003 nzi wa maembe asiyefahamika alionekana Kenya. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, kwa vielelezo vya Afrika na Sri Lanka, na kifua chake kilikuwa cha kahawia kwa baadhi, cheusi kwa wengine. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, ushahidi wa maumbile, vinasaba na kujamiiana ukaonyesha kuwa ni Bactrocera dorsalis yule yule wa Asia. Karantini na biashara ya matunda hufuata jina, kwa hiyo jina la haraka lina gharama.

Kuhusu spiriti: kama ni ile ya dukani, wahamishie leo kwenye ethanoli ya asilimia 95, vinasaba visiharibike. Mguu mmoja unatosha kwa kipimo cha COI, jeni inayotumika kutambua spishi, ingawa jeni hiyo haiwatenganishi vizuri dorsalis na ndugu zake wa karibu. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka: mahali, mwinuko, tarehe, saa, na "kwenye vizizi juu ya kijito". Hilo la vizizi linamsaidia mtaalamu kuliko unavyodhani. Kabla ya kutuma chochote nje ya Malaysia, hakikisha kibali chako cha ukusanyaji kinaruhusu.

Ukipata nafasi, nitumie picha tatu za dume mmoja: uso kwa mbele, kifua kwa juu na bawa lililotandazwa. Na jike mmoja vivyo hivyo, kutoka kizizi kile kile.