Kabla Hujaing'oa Injini ya Zamani Kwenye Trekta Lako

Wengi wanaonipigia simu kuhusu kubadilisha injini ya trekta huanza na nguvu. "Fundi, niweke injini gani ya farasi tisini?" Nami huwarudishia swali: trekta linafanya kazi gani, na injini inazunguka kiasi gani likiwa kazini? Gereji yangu iko Tabata, Dar es Salaam, na matrekta ya zamani ninayopokea, hasa Massey Ferguson 135 na 165, hutoka Mkuranga, Kisarawe, Ruvu na Bagamoyo. Yamenifundisha kwamba farasi ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza ni gavana, yaani kifaa cha kwenye pampu ya dizeli kinachodhibiti mzunguko wa injini. Cha pili ni chuma gani kitabeba sehemu ya mbele ya trekta, injini ya zamani ikishatoka.

Lakini tuanze na hili: je, kweli unahitaji injini nyingine? MF 135 ilitoka na injini ya Perkins AD3.152. Hiyo 3 ni silinda, na 152 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo, sawa na lita 2.5. Laina zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutolewa zikaingizwa mpya, kranki yake, ile shafti kuu ya injini, inachongeka, na kwa kuwa injini hiyohiyo iliendelea kufungwa kwenye MF 240, spea zake Kariakoo hazijawahi kuwa shida. Kama trekta linatoa moshi, linakula oili na linawaka kwa taabu asubuhi, hizo ni dalili za injini inayotaka ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Mtu akikwambia uitupe kwa sababu hizo tu, muulize ana injini gani ya kukuuzia. Mimi hukubali kubadilisha pale bloku ilipopasuka, au koniroti (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ilipotoboa ubavu, au kranki ilipochongwa hadi saizi ya mwisho na haina tena nyama.

Ukishafika hapo, usione unafanya uhuni. Kazi hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Frank Perkins alianzisha kampuni yake Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, na sehemu kubwa ya jina lake kwa wakulima ilitokana na kuweka dizeli kwenye matrekta yaliyozaliwa na injini za mafuta mengine. Fordson Major ya E27N ilipata Perkins P6 yenye silinda sita, na Ferguson ndogo zile za kijivu zikafungwa P3. Hata Massey Ferguson wenyewe, baada ya wakulima kuchoshwa na MF 35 zenye injini ya Standard zilizokuwa ngumu kuwaka kwenye baridi, waliziondoa na kuweka Perkins ya silinda tatu. Ilikuwa 1959, mwaka uleule walioinunua kampuni ya Perkins.

Njia ya amani kuliko zote ni kubaki ndani ya ukoo. Injini ya MF 240 inakaa kwenye 135 bila kelele. Kwa mwenye 165, tafuta A4.236, lita 3.86, ambayo ilifungwa pia kwenye kompresa, foklifti na jenereta nyingi. A4.212, A4.236 na A4.248 ni ndugu wa tumbo moja. Ila kama 165 yako ni ya mwanzo, yenye AD4.203, pima kwanza kabla ya kununua, maana hiyo ni ya ukoo mwingine.

Sasa tuje kwa anayetaka injini ya kisasa zaidi. Hapa ndipo pesa nyingi za wakulima zinapopotea, na naomba unisikilize taratibu.

Injini ambayo kila mtu huifikiria ni ya Hilux, tuseme 3L ya lita 2.8. Ni injini nzuri, nami sina neno baya juu yake ikiwa kwenye gari. Inatajwa kuwa na farasi kama 90, ila farasi hao wanapatikana ikizunguka mara 4000 kwa dakika. MF 135 hailimi kwenye 4000. Inalima kati ya 1500 na 2000. Kwenye 2000, hiyo 3L inakupa kama farasi 50, na Perkins yako ilikuwa na kama 45. Ukisema basi utaikanyaga mpaka wale 90 watoke, kumbuka PTO, shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine nyingine, imepangwa kuzunguka mara 540 injini ikiwa karibu 1700. Injini ikifika 4000, PTO inapita 1200. Mashine ya kukata majani au ya kupukuchua mahindi ikizungushwa hivyo inaweza kupasuka na kurusha vyuma, na mashambani kwetu kawaida kuna vijana na watoto wamesimama pembeni.

Gavana ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho. Pampu ya dizeli ya pikapu kwa kawaida inadhibiti ncha mbili tu: sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, injini isizime, na mwisho wa juu, isijivunje. Katikati yote ni mguu wa dereva. Trekta haliendeshwi hivyo. Unaweka mkono wa mafuta mahali pake, unashika usukani, unageuka kuangalia plau. Diski ikikutana na udongo mgumu, gavana yenyewe inaongeza dizeli ili mzunguko ubaki palepale. Udongo ukilegea, inapunguza. Dereva hahitaji kufanya lolote.

Mzee mmoja wa Mkuranga aliniletea 135 iliyofungwa injini ya pikapu kwenye gereji nyingine. Barabarani na tela lilikuwa linakwenda vizuri, na aliyelifunga alimuonyesha hivyohivyo. Shambani likawa mateso. Plau ikizama, injini inashuka mpaka inataka kuzima; akiongeza mkono wa mafuta, ikitoka kwenye ugumu inapaa na kupiga kelele. Alipofunga pampu ya maji kwenye PTO, pampu ikavuta hewa, mzigo ukaondoka ghafla, na injini ikaruka juu mpaka kijana wake akakimbia. Nilimwambia, "Mzee wangu, injini yako haina ugonjwa. Pampu yake ndiyo haijui kazi ya trekta." Pampu tuliipeleka kwa fundi pampu, akabadilisha gavana iwe ya kushika mzunguko wowote. Inawezekana, lakini inataka fundi mwenye meza ya kupimia pampu na anayeijua kazi hiyo. Fundi wa kukisia ataiharibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tafuta injini iliyozaliwa kazini, si iliyozaliwa barabarani. Na Dar tuna bahati. Mji wa bandari na maghala una foklifti nyingi, na foklifti zinachoka mwili kabla injini haijachoka. Isuzu C240 ya lita 2.4 na Toyota 1DZ ya lita 2.5 zinakuja na gavana inayofaa, na nguvu zake zinapatikana kwenye mzunguko wa chini, unapozihitaji. Kubota V2203 ya lita 2.2 ni ndogo kwa umbo na ni ngumu kwelikweli. Perkins 404 ya jenereta pia ni chaguo zuri kwa 135, ila injini za jenereta nyingi zimefungiwa kwenye 1500 ili umeme utoke na hezi 50, kwa hiyo pampu yake lazima ipangwe upya ipate mkono wa kupandisha na kushusha. Flaiwili yake, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nayo imetobolewa kwa ajili ya jenereta, haina mahali pa kukaa klachi.

Injini za komon reli, zile za dizeli zinazoendeshwa na kompyuta, mimi sizifungi kwenye trekta la zamani. Si kwamba ni mbaya. Nozeli ya kawaida, inayonyunyizia dizeli ndani ya injini, inafunguka kwenye shinikizo la baa 200 hivi. Hizi zinafanya kazi kwa baa zaidi ya 1000, na kwa shinikizo hilo tone la maji au mchanga mdogo kutoka kwenye dumu la dizeli linatosha kuua nozeli. Juu ya hapo kuna kompyuta, waya na sensa zinazotakiwa kuishi kwenye tope la Ruvu, mbali na mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Mkulima akikwama msimu wa kupanda, msimu haumsubiri.

Sasa mwili. Gari lina chesisi. MF 135 haina. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: nyuma imefungwa kwenye gia boksi, mbele imeshika kiti cha ekseli, na sampu (bakuli la oili la chini ya injini) ya Perkins ni ya chuma cha kumimina kwa sababu inabeba mzigo. Sampu ya injini ya gari ni bati. Ukiifunga pale bila kitu kingine, bloku itapasuka au bolti zitakatika siku plau itakaponasa kwenye kisiki. Kinachotakiwa ni reli mbili za chuma, moja kila upande, kutoka kwenye mwili wa gia boksi mpaka kwenye kiti cha ekseli ya mbele. Mimi hutumia bamba la milimita 16, linafungwa kwa bolti ngumu kwenye matundu yaliyotobolewa kwa mashine, halitobolewi kwa moto. Injini inakaa katikati ya reli kwenye mikono yake na haibebi kitu.

Na unapolitenganisha trekta, piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kiti chake kabla ya kulegeza bolti yoyote. Ekseli ile inacheza kwenye pini moja, na bila kabari sehemu ya mbele yote hulala ubavu. Jeki peke yake haitoshi. Jambo hili silijadili na kijana yeyote katika gereji yangu.

Bamba la kuunganisha injini na gia boksi ndiyo kazi ya mchongaji, na mchongaji mzuri ni muhimu kuliko fundi injini. Mtaa wa Gerezani hapa Dar wako wa kutosha, lakini chagua anayepima. Bamba likishafungwa, weka geji ya mshale kwenye kranki, zungusha kwa mkono, usome tundu la gia boksi lote. Likipishana zaidi ya sehemu 13 za mia za milimita, rudisha. Usiambiwe "itajiseti yenyewe". Haijiseti. Inakula meno ya shafti, inavunja kitovu cha klachi pleti, na sili ya gia boksi inaanza kuvuja oili mpaka ndani ya klachi. Pale mwisho wa kranki chonga bushi ya shaba ya kupokea ncha ya shafti, usiache inaning'inia.

Kama 135 yako ina klachi ya hatua mbili, yaani hatua ya kwanza inasimamisha trekta na ya pili inasimamisha PTO, flaiwili mpya lazima iipokee klachi hiyo nzima. Ninachopendelea ni kuchukua flaiwili ya trekta lenyewe na kuichonga ikae kwenye kranki mpya, kisha ikasawazishwe. Ni nzito, na uzito huo unasaidia sana unapoondoka na tela la mchanga. Hakikisha meno yake yanakubaliana na staata kabla ya kufunga kitu.

Haidroliki ya 135 haitakusumbua, kwa sababu pampu yake iko ndani ya mwili wa nyuma, imezama kwenye oili, haijafungwa kwenye injini. Mwenye Ford 5000 asijifariji kwa hilo: yake imefungwa ubavuni mwa injini, na lazima uitafutie mahali pa kuzungushiwa.

Rejeta, weka kubwa kuliko unavyodhani. Trekta linalolima halipati upepo wa mwendo, na joto la Januari ukanda huu unalijua. Feni iendeshwe na mkanda moja kwa moja. Chujio la hewa liwe kavu, lisilotumia oili, lenye kikombe cha kukamata vumbi juu, na kwenye njia ya dizeli ongeza kichujio cha kutenganisha maji.

Injini ya mtumba usiinunue ikiwa imelala kimya sakafuni. Muuzaji aiwashe, ikae mpaka ipate moto kabisa, halafu fungua kifuniko cha oili. Moshi ukipumua pale kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha. Chomoa stiki, angalia kama oili ina rangi ya maziwa. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba hiyo iko kwenye kadi ya usajili, na trekta linalovuta tela Barabara ya Morogoro litasimamishwa siku moja. Peleka mabadiliko TRA mapema, risiti ikiwa bado mkononi.

Siku ya kwanza shambani lima kina kifupi. Jioni, injini ikishapoa, pitia kila bolti ya reli na ya bamba kwa torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Rudia baada ya saa kumi za kazi, na tena baada ya hamsini. Bolti itakayoendelea kulegea mara ya tatu usiikaze tena. Itoe, upime tundu lake, kwa sababu reli hiyo haijakaa sawa.